Waliobaki Sokoni Mpaka Saa Kumi na Moja

Masomo: Mathayo 20:1-16, Kutoka 4:10-16

  

Mwaka wa shule unakaribia kwisha. Mzazi mmoja anangoja siku ya kutangaza matokeo, mwingine anahesabu pesa ya mtihani wa serikali, mwingine anauliza mtoto ataenda seksio gani. Lakini wako wazazi katikati yetu ambao mwezi wa saba hauwaletei swali la seksio. Mtoto wao amesoma miaka sita, nane, wengine kumi, katika darasa la pekee au kwenye kiti cha nyuma katika darasa la kawaida. Sasa ana miaka 17, au 18. Mwalimu amewaambia kwa upole: mtoto amefika mwisho wa yale tunayoweza kumpa. Kesho yake anaamka asubuhi, anavaa uniforme, anabeba mfuko wake, anasimama mlangoni. Mama anamwambia: hakuna shule tena. Kesho kutwa anavaa tena.

Nasema juu ya vijana wenye ulemavu wa akili. Wale waliozaliwa na trisomi 21, wale wenye otizimu, wale ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa kwa sababu walichelewa kupumua, wale waliougua malaria ya ubongo au mningitisi wakiwa wadogo na hawakurudi kama walivyokuwa. Leo nataka tuulize kitu kimoja tu: wakitoka shule, wanaenda wapi?

Fungueni Mathayo sura ya 20. Mnaijua habari hii. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta wafanyakazi, anapatana nao dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Sisi tunaosema Kiswahili tuna baraka hapa, maana tunahesabu saa kama Biblia inavyohesabu, kuanzia jua likichomoza. Anayesoma kwa Kifaransa lazima afafanuliwe kwamba saa ya tatu si saa ya usiku. Mama wa Kadutu haelezwi chochote. Anajua saa tatu ni wakati gani sokoni na anajua saa kumi na moja ni wakati gani. Saa kumi na moja ni wakati wa kukunja maturubai. Mtu aliyesimama sokoni saa kumi na moja akitafuta kazi ya kubeba, huyo siku yake imepotea.

Basi mwenye shamba anatoka saa kumi na moja, anawakuta watu bado wamesimama. Anawauliza sababu ya kusimama pale mchana wote bila kazi. Angalieni jibu lao katika mstari wa 7. Hawasemi walikuwa wamelala. Hawasemi hawapendi jasho. Wanasema hakuna mtu aliyewachukua.

Nawauliza, wapendwa: katika soko lolote la vibarua, ni nani anayebaki mpaka saa kumi na moja? Nendeni mkaangalie mahali vijana wanapongoja lori la mchanga au la saruji. Mwenye lori akifika anaangalia mabega. Anachukua wenye nguvu, wenye midomo, wale wanaokimbia na kushika mlango wa gari kabla halijasimama. Mzee anabaki. Mgonjwa anabaki. Anabaki na yule anayetembea polepole, anayeulizwa jina na kujibu baada ya muda, au anayecheka wakati usiofaa. Mathayo hatuambii wale wa saa kumi na moja walikuwa na shida gani, nami sitaongeza kwenye Maandiko. Nasema tu kwamba sokoni kuna utaratibu wa nani anachukuliwa kwanza na nani anaachwa, na utaratibu huo sote tunaujua.

Tena mwenye shamba alitoka yeye mwenyewe. Alikuwa na msimamizi, mstari wa 8 unamtaja. Angeweza kumtuma. Alitoka mara tano kwa siku moja.

Sasa kuna mtu ananisikiliza na moyoni anasema: Mchungaji, huyo mtoto ana roho. Familia ile ina jambo. Tuseme wazi, maana maneno haya yanasemwa kwetu sisi walokole kuliko mahali pengine. Fundi hataki kumpokea kijana kwa sababu anaogopa wateja watasema atolie yake ina mkosi. Mama wa mgahawa hataki msichana yule aoshe vyombo. Kwa hiyo habari ya laana si habari ya mdomo tu, inafunga milango ya kazi.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi? Bwana alikataa yote mawili. Pale hapaachi nafasi kwa mchungaji yeyote kurudisha swali lile.

Tena tuna mfano karibu na sisi, katika ziwa letu wenyewe. Miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, wakifanya kazi pamoja na kituo cha Lwiro, walikwenda kisiwa cha Idjwi. Huko watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, goita, na kulikuwa na watoto waliozaliwa wafupi, wazito wa kusema, akili yao haikui. Unaweza kufikiri ni maneno gani majirani walikuwa wanasema juu ya nyumba hizo. Watafiti walikuta udongo na chakula cha pale havina ayodini ya kutosha, na muhogo usiotayarishwa vizuri ulikuwa unaongeza shida. Mama mwenye mimba akikosa ayodini, ubongo wa mtoto tumboni haujengeki vizuri. Chumvi yenye ayodini ilipoenea katika nchi, mambo yakabadilika sana. Chumvi, wapendwa! Hakuna bibi aliyekuwa amekula akili ya mtoto. Na trisomi 21 nayo ina habari yake: mwaka 1959, huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu 47 badala ya 46. Ipo hivyo tangu mimba inapotungwa, kabla mama hajagombana na mtu yeyote.

Sheria ya nchi yetu pia inasema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu kwa kifungo mtu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Haijamtoa mchungaji nje ya adhabu hiyo.

Mwingine anasema: mimi simshitaki, mimi namwombea uponyaji, ngoja kwanza Mungu amponye, kazi itakuja. Nami naamini uponyaji. Ninaweka mikono juu ya wagonjwa na nitaendelea kuweka. Lakini tusome Kutoka sura ya 4. Musa anamwambia Mungu kwamba mdomo wake ni mzito na ulimi wake ni mzito. Mungu anamkumbusha nani aliyefanya mdomo. Angeweza kumponya pale pale, moto ulikuwa unawaka kwenye kijiti na fimbo ilikuwa imekwisha kugeuka nyoka; siku ile miujiza haikukosekana. Je, aliufungua ulimi? Hatusomi hivyo. Hakumwambia pia: kaa Midiani uchunge kondoo mpaka upone. Alimpa kazi, kazi kubwa kuliko zote, na alimpa Haruni atembee naye, aseme pale ulimi wa Musa unapokwama. Kazi ilianza na ulimi ukiwa bado mzito. Haleluya.

Huyo Haruni ndiye tunayemhitaji. Kijana mwenye ulemavu wa akili akipelekwa kazini peke yake, siku ya tatu amefukuzwa. Akipelekwa na mtu wa kusimama pembeni yake majuma machache, anayemwonyesha, anayemweleza fundi na kujiondoa polepole, mara nyingi anabaki. Nchi nyingine zimefanya kazi hiyo ya Haruni kuwa kazi yenye mshahara. Sisi hatuna mshahara huo, lakini tuna vijana wa kwaya wanaokaa kibarazani mchana mzima.

Na kusema "hawezi" mapema mno ni hatari. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, alikuwako mwalimu aliyeitwa Marc Gold. Alichukua watu ambao madaktari waliwaandika kuwa wenye ulemavu mzito wa akili, watu wasiojua kusoma, akawafundisha kuunganisha breki ya nyuma ya baiskeli, yenye vipande 15. Ninyi mafundi wa baiskeli mnajua breki ile ya kukanyaga kwa nyuma, jinsi inavyosumbua ukiifungua. Wakajifunza. Alifanyaje? Aliigawanya kazi yote katika hatua ndogo ndogo, akapanga vipande mezani kwa utaratibu wa kuviunga, akaonyesha kwa mikono kuliko kwa maneno mengi, na mtu akikosea alimwambia ajaribu njia nyingine. Hakumwita mjinga. Mtu akishindwa, Gold alisema mwalimu bado hajapata njia ya kufundisha.

Nipeleke jambo hili kwenye atolie ya seremala. Iko katika mtaa mmoja ninaopita mara kwa mara. Fundi mkuu alimpokea kijana mwenye trisomi 21, mtoto wa mjane. Kwanza alimwambia: "Sugua mbao hizi." Kijana akasugua ubao mmoja tangu asubuhi mpaka saa sita, mahali pamoja, mpaka pakawa na shimo. Fundi akataka kumrudisha kwa mama. Dada wa kijana, msichana wa miaka 20 hivi, akaomba juma moja. Alichukua chaki nyeupe, akachora mistari juu ya ubao wote. Akamwonyesha ndugu yake: sugua mpaka chaki iishe yote, upande huu. Geuza. Chora tena. Ikiisha, beba ubao uweke kwenye rundo la kushoto. Chukua mwingine kulia. Basi. Siku ya tano msichana alikuwa anakaa nje ya atolie akisuka nywele za rafiki yake, na ndugu yake alikuwa anachora chaki mwenyewe. Fundi aliniambia kwamba wanafunzi wake wengine wanachoka na kazi ya kusugua, wanaruka sehemu, wanajibu telefoni. Huyu haruki. Mlango uliosuguliwa na yeye ukipakwa vernisi unang'aa sawasawa kutoka juu mpaka chini.

Sisemi wote wako hivyo. Mwingine hawezi kuvumilia kelele ya mashine, anaziba masikio na kupiga mayowe. Huyo usimpeleke kwa seremala, wala kwenye mashine ya kusaga unga. Mpeleke mahali pa utulivu: kulisha sungura, kumwagilia mboga, kupanga vitu kwenye depo. Mwenye kifafa asiwekwe karibu na jiko la mkate, wala juu ya ngazi ya masoni, wala peke yake ziwani. Na asiache dawa yake, hata siku moja, hata kama juma hili ana maombi ya kufunga. Nimesema hata kama ana maombi ya kufunga.

Ndiyo maana haifai kungoja siku ya mwisho ya shule. Mtoto akifika miaka 14, wazazi na mwalimu wakae chini. Mwalimu ameishi naye miaka mingi, anajua mambo ambayo fundi hatayajua kwa mwezi. Ayaandike kwenye ukurasa mmoja. Kijana anapenda nini na anaogopa nini. Anaelewa zaidi akionyeshwa au akiambiwa. Akisema neno fulani ana maana gani. Akikasirika anatulizwa namna gani. Anatumia dawa gani, saa ngapi. Anaweza kuhesabu mpaka wapi. Karatasi hiyo ina faida kuliko cheti kingi ninachokiona kimetundikwa ukutani. Halafu, wakati bado yuko shuleni, ajaribu: majuma mawili ya likizo kwa mshonaji, majuma mawili kwa muoka mikate, majuma mawili shambani. Atatuonyesha mwenyewe anakotaka kwenda, hata yule asiyesema. Anayekimbilia mlangoni asubuhi amekwisha kujibu.

Na barabara ifundishwe kama somo. Kijana anaweza kuijua kazi yote na kuikosa kwa sababu hawezi kufika. Tembea naye njia ile ile, upande ule ule, kila siku. Mara ya kwanza shika mkono wake, baadaye tembea nyuma yake hatua kumi, baadaye hatua mia. Kama lazima apande moto, awe mmotari mmoja anayejulikana na familia, wala si yeyote aliyepiga honi.

Kuhusu pesa. Wazazi wengi wanasema: hajui kuhesabu, atauzaje? Kuna mama mmoja katika umoja wa wamama, sitamtaja jina, ananisikiliza na anacheka sasa hivi. Binti yake haelewi hesabu ya kutoa. Mama akafikiri. Akampa meza ndogo pembeni yake, akamwekea vitu vya bei moja tu: mafungu yote ni franga 500. Binti akaijifunza noti ya 500, rangi yake, picha yake. Noti moja, fungu moja. Ukileta noti ya 1000 anakupa mafungu mawili. Ukitaka fungu moja na chenji, anakuonyesha mama yake. Alipozoea, wateja wa soko wakazoea pia, wanakuja na noti ya 500 mkononi. Leo binti yule anaweka akiba katika kikundi cha AVEC pamoja na wanawake wengine. Mama yake amepumua.

Sasa sikieni pingamizi ambalo ni zito kuliko mengine, nami siwezi kulipita. Mtu anasema: Mchungaji, hapa mwenye lisansi anauza mkopo wa telefoni barabarani. Vita vimefukuza watu mashambani. Vijana wenye akili timamu hawana kazi, wewe unawatafutia kazi wenye ulemavu? Ndugu yangu, ningekuwa nasema juu ya kazi za ofisi, ungenishinda. Lakini karibu kazi zote zinazotulisha hapa hazikuanza kwa barua ya kuomba. Nani alikuajiri wewe? Shangazi alikuonyesha kukaanga sambaza. Mjomba alikupeleka kwenye gereji ukaanza kwa kuosha misumari na petroli. Rafiki alikuita mchangani. Kila mtu aliingia kazini kwa mkono wa mtu mwingine. Kijana huyu hana kipingamizi cha diploma hapo. Amekosa tu yule shangazi na yule mjomba, kwa sababu walipokuwa wanaita wapwa wao, yeye waliacha kumwita.

Serikali nayo ina deni. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa yanayosema juu ya haki zao, pamoja na haki ya kazi. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yao wenyewe, nambari 22/003. Wazazi, ijueni nambari hiyo. Mkienda kwenye ofisi, itajeni. Lakini najua, na ninyi mnajua, kwamba kati ya karatasi ya Kinshasa na mlango wa atolie ya hapa kuna barabara ndefu yenye mashimo.

Turudi shambani. Jioni imefika, msimamizi anaanza kulipa, na wa saa kumi na moja wanapata dinari nzima. Dinari ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku, kitu cha kupeleka nyumbani ili watu wale. Hapa ndipo nataka kusema na mafundi, na mniwie radhi. Nimekuta mahali pengi kijana mwenye ulemavu anafanya kazi mwaka wa pili, wa tatu, na malipo yake ni sahani ya mchana. Wanasema: tunamsaidia. Mama naye anashukuru, anaogopa kudai, asije akarudishiwa mtoto. Miezi ya kwanza, wakati anajifunza na anaharibu, sawa, kila mwanafunzi wa ufundi anapita hapo. Lakini siku unapouza mlango aliousugua, umeuza na jasho lake. Kama anafanya nusu ya kazi ya mwenzake, hesabu vipande alivyomaliza umlipe kwa vipande. Malipo yampitie yeye mkononi, mbele ya wenzake, kabla mama hajaziweka. Yakobo sura ya 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zake zinafika masikioni mwa Bwana. Sijaona mahali ambapo Yakobo ameandika kwamba ujira wa mtu asiyejua kuhesabu unanyamaza.

Na makanisa yetu mengi yasikie pia. Karibu kila kanisa lina kijana huyu: Jumapili anafika wa kwanza, anapanga viti, anafagia, anabeba spika. Ni miaka kumi sasa. Tunamwita "mtumishi", tunapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza kwamba katika mji huu kuna watu wanaokodisha viti kwa ndoa na kwa kilio, na wanalipa vijana wa kuvipanga na kuvihesabu. Kazi ile anaijua kuliko wote. Aendelee kumtumikia Mungu Jumapili kama sisi wote, na Jumamosi apelekwe kwa mwenye viti akalipwe.

Wazazi wenye mabinti, najua hofu yenu, na ni hofu ya kweli. Msichana asiyeweza kueleza yaliyompata, wabaya wanamtafuta. Wengine wanamfungia ndani kwa sababu hiyo. Lakini na ndani ya nyumba yapo mambo, tusidanganyane. Mfundisheni kabla hajatoka: sehemu za mwili wake na majina yake, nani anaweza kumwogesha na nani hapana, namna ya kusema "hapana" kwa sauti, au kukimbia, au kupiga makelele kama hana maneno. Afanye kazi mahali penye wanawake wengi na macho mengi, meza ya sokoni ni salama kuliko chumba cha nyuma cha duka. Na likitokea jambo, mpelekeni hospitali siku ile ile, kabla hajaoga, na mashitaka yafike kwa sheria. Hayamalizwi kwa mbuzi. Mzee wa kanisa atakayekaa kwenye kikao cha mbuzi huyo, tutamwita mbele ya baraza.

Neno moja kwa baba. Kwa wamama nimesema sana, kwa sababu wao ndio ninaowakuta. Katika nyumba nyingi za namna hii baba amekwenda, au yupo na hasemi. Wewe uliye fundi masoni, na una kijana wa miaka 16 anayeweza kubeba matofali na hupendi aonekane nawe kwenye shantie: anza na shantie yako. Watu watakuangalia majuma mawili. Baada ya hapo wataangalia ukuta.

Kuna swali ambalo wazazi hawa wananiuliza usiku, baada ya maombi, wakati wengine wamekwenda. Wanasema: Mchungaji, mimi nikifa, nani atamshika? Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu, tunapenda kuhubiri juu ya meza ya mfalme. Ni vizuri. Someni na mstari wa 7 na wa 10 wa 2 Samweli 9. Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake, na Siba, pamoja na wana wake 15 na watumishi 20, akaagizwa kuyalima ili mavuno yawepo. Ulemavu wake ulikuwa wa miguu, najua, si wa akili. Lakini angalieni Daudi alivyopanga. Alimpa meza na pia mali inayoendelea, na watu wenye majina waliopewa kazi hiyo. Kijana mwenye ufundi, mwenye akiba kidogo kwenye kikundi, mwenye fundi anayemjua na jirani anayemngoja asubuhi, siku mama atakapoitwa nyumbani kwa Bwana hataachwa na watu wasiojua hata anapenda kula nini.

Baada ya ibada ya Jumapili ijayo mashemasi watakaa chini ya mti, upande wa lango la nyuma, na madaftari mawili. Katika la kwanza wataandika majina ya vijana, miaka yao, shule waliyosoma na jina la mwalimu. Katika la pili wataandika mafundi na wamama wafanyabiashara walio tayari kumpokea kijana mmoja kwa majuma mawili ya likizo, na vijana wa kwaya walio tayari kuwa Haruni. Mwalimu yeyote wa darasa la pekee anayesikia, hata kama si wa kanisa letu, hata kama ni Mkatoliki au Mwislamu, tunamwomba afike, maana bila karatasi yake tutaanza gizani. Wazazi, njooni pamoja na vijana wenyewe, waulizwe mbele yenu. Kutakuwa na chai na mikate, na iliyo mezani imepikwa na mmoja wao.